Siku Ambazo Upepo Haukuvuma

Kwa wiki saba nilikuwa nikitafuta rangi ya bluu. Si bluu yoyote, bali ile ambayo ingefanya mchoro wangu uonekane umechorwa na mtu mwenye shahada. Shahada sina. Nina laptopu ya mtumba iliyong'oka herufi moja, na kazi kwenye mashine ya kusaga unga ya shangazi yangu, nyuma ya soko la Machakos. Elimu ya anga nimejifundisha mwenyewe, jambo ambalo huwaambia watu kabla hawajaniuliza, kisha nawaomba radhi kwa kuwaambia.

Mchoro wenyewe ulihusu nyota mbili zinazozungukana. Moja ilishakufa, ikajibana ikawa ndogo na nzito kupita kiasi, na sasa inaishi kwa kumnyonya mwenzake. Gesi inayonyonywa haiangukii mdomoni moja kwa moja. Huzunguka kwanza, ikatandazika kama sahani, ikapata moto mpaka ikatoa eksirei. Na si yote inayoliwa. Sehemu yake hupeperushwa kutoka kwenye sahani na kupotelea angani, na mara nyingine kinachopeperuka huzidi kinacholiwa. Huo ndio upepo wa sahani. Hauonekani kwa macho. Unautambua kwa pengo dogo katika mwanga, pale chuma kilicho ndani ya gesi kinapomeza sehemu yake, na pengo likiwa limesogea kidogo upande mmoja unajua gesi inakuja kwetu.

Vipimo vya darubini za angani viko mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye bando na subira. Nyota yangu ilikuwa imepimwa siku kumi na moja. Siku tano pengo lilikuwepo, zuri, limechongeka. Siku sita halikuwepo kabisa. Nilizitazama zile sita kama mtu anavyotazama doa kwenye shati la harusi, kisha nikaziweka kwenye faili niliyoiita "takataka".

Wakati huo kikundi kimoja cha wapenda nyota mtandaoni kilikuwa kikitafuta mtu mmoja asiye na shahada aeleze kazi yake mbele ya wanasayansi wa kweli. Nilitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na mchumba niliyekuwa naye, ambaye aliligundua hilo akaondoka. Aliyesoma ripoti zetu sisi waombaji alikuwa mwanafunzi wa uzamifu, mpole wa kutisha. Aliniandikia: "Kazi safi. Zile siku nyingine ulizipima?"

Nikajibu: "Ndiyo. Vipimo vilikuwa vibovu, havikuwa na lolote."

Nilihariri jibu hilo mara kumi na nne. Nilirekebisha nukta. Uongo wenyewe sikuugusa.

Akaniambia nafasi ni yangu, nitume ripoti ya mwisho Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ijumaa asubuhi alikuja susu mmoja, maana bibi yeyote kwetu tunamwita hivyo. Alileta kilo ishirini za mahindi makavu. Nilimsagia unga laini wa ugali, nikaupima: kilo kumi na tisa kasoro. Alitazama mizani, akanitazama mimi, nyusi zangu zikiwa nyeupe kama za mzee wa kanisa.

"Wewe msichana, unga yangu ingine iko wapi?"

"Imepeperuka, susu. Ile vumbi unaona."

"Aiya! Imepeperuka mpaka kwa sufuria ya shangazi yako?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mtu mwenye akili timamu angemwongezea konzi mbili akae kimya. Mimi nilimweleza habari za nyota. Sijui ni ugonjwa gani huu. Nilieleza sahani, moto, upepo, yote, huku mkanda wa mashine ukipiga kelele.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo hata huko mbinguni kuna mashine ya kusaga, na hata huko wanaiba."

"Hawaibi, susu. Inapotea tu."

"Wiki jana nilileta mahindi ya kuku, kilo ishirini. Ukanisagia ile ya chengachenga. Ikatoka ngapi?"

Nilikumbuka. "Karibu ishirini."

"Sasa kuku wangu wakapewa yote, mimi nikapunjwa. Kwani kuku ndio wazee wako?"

Hapo nikaona nimepata mlango. "Ndiyo maana, susu! Chenga haitoi vumbi. Unga laini ndio unatoa. Kama ningekuwa mwizi, ningeiba hata ya kuku. Weka hizo siku mbili pamoja utaona ni upepo."

Akapitisha kidole kwenye ukuta mweupe, akakinusa. "Basi ungesema hivyo kwanza," akasema, "uache hizo nyota." Akabeba unga wake akaenda.

Nilibaki nimeshika kifuniko cha mashine kama mjinga. Nilikuwa nimejitoa kwenye tuhuma ya wizi kwa siku ambayo upepo haukuvuma. Kwenye ripoti yangu, siku sita za namna hiyo nilikuwa nimezitupa kwa sababu haziendani na bluu.

Saa nane nikafungua ile takataka. Vipimo vya zile siku sita havikuwa vibovu. Katika zote sita mwanga wa sahani ulikuwa umefifia na eksirei kali ndizo zilizotawala, na ndipo upepo ulipokosekana. Nyota ilikuwa na hali mbili, na mimi nilikuwa nimeandika kwa majivuno kuhusu moja. Nilizichora haraka. Herufi kwenye michoro hazikulingana ukubwa, na mchoro wa nne uliinama. Niliuacha umeinama. Juu ya ripoti nikaandika: "Nilikudanganya. Siku sita nilizificha. Hizi hapa."

Nikatuma saa kumi na dakika hamsini, bila kuisoma tena. Sijawahi kufanya hivyo maishani, hata kwa ujumbe wa kuagiza mandazi.

Jibu lilikuja kabla hatujafunga. "Najua. Vipimo viko wazi kwa kila mtu, nilivitazama siku ile ile uliponijibu. Nilitaka kuona kama utasema." Nilikuwa nimeficha kitu katikati ya soko, mchana, nikakifunika kwa kiganja. Aliendelea: ripoti sasa inahitaji kuandikwa upya, na haiwezi kuwa tayari kwa mkutano huu. Nafasi ameshampa mtu mwingine. Akaongeza kwamba mchoro wa nne, ule ulioinama, ndio alioutazama muda mrefu zaidi.

Nikaufungua tena kuunyoosha. Kisha nikaufunga ukiwa umeinama vile vile, nikaenda kufagia unga.