Amen ya Docteur Cécile

Batu ba Matonge banamupendaka Docteur Cécile sawa vile muntu anapenda viatu vyake vya zamani: banatembea naye mpaka soli inatoboka, kisha banashangaa kuona maji inaingia. Cabinet yake iko ku Chaussée de Wavre, juu ya duka ya bitenge, na ukikaa mu salle d'attente kungoja zamu yako unasikia bamaman banagombana bei pale chini. Alizaliwa Bukavu, akasomea udaktari huku Ubelgiji, na ku mulango kuko jina yake yote na ma diplômes yake. Lakini wazee ba kwetu habamuiteke Docteur peke yake. Banasemaka "mutoto yetu Docteur". Na mutoto yetu, bon, haulizake wazee maswali mingi.

Shida yote ilitokea pale.

Ku université balimufundisha vizuri: uliza mugonjwa kama anameza dawa, anameza ngapi, saa ngapi. Mubelgiji akiingia, Cécile anamuuliza bila haya, na Mubelgiji anajibu bila haya. Lakini umuwekee mbele yake maman mwenye alimubeba mugongoni akiwa mutoto. Kwanza ni salamu. Habari ya magoti, habari ya batoto, habari ya pasteur na bibi yake. Salamu ikiisha, saa nayo imeisha. Kisha uanze kumuuliza yule maman kama kweli anamezaka dawa? Ni sawa umuulize kama anaibaka ku magasin. Basi Cécile anaangalia matokeo ya damu, anaona sukari iko juu, anaandika dawa yenye nguvu zaidi, na kila muntu anarudi kwake na heshima yake.

Maman Marie-Claire alikuwa wa namna ile. Mujane, muntu wa sala, rafiki ya mama yake Cécile tangu Bukavu. Sukari yake ilikataa kushuka. Cécile alipandisha dawa mara ya kwanza, haikushuka. Akapandisha tena. Maman akasema merci, mutoto yangu, Mungu akubariki, akaweka karatasi mu sakosh na kwenda.

Na tena, mercredi, ile Jumatano, masomo inaishaka midi, saa sita, mu hii inchi. Mwenye aliamua ile, hakika hakukuwa na mutoto ku nyumba. Bwana ya Cécile anatumikaka Anvers, anarudi mangaribi. Donc kila mercredi Maman Marie-Claire anachukuaka Jémima, binti ya Cécile, wa miaka sita, anamupeleka kwake ku Etterbeek mpaka docteur amalize kazi. Docteur anachunga Maman, Maman anachunga mutoto, na hakuna mwenye anamuuliza mwenzake kitu.

Ile mercredi, Papa Désiré alikuwa amelala ku kitanda ya consultation, kifua wazi, akikataa kushuka.

Papa Désiré, kama humujue, ni mugonjwa mwenye anakuja na ugonjwa yake tayari, imetoka mu simu. Juma ilipita ilikuwa maini. Ile siku ilikuwa moyo. Cécile alisikiliza ule moyo mbele na nyuma, akaona ni moyo ya kijana, akamwambia. Papa Désiré akakasirika. Alisema vile Bazungu banapewaka scanner, yeye banamupimaka na masikio. Cécile akamuelezea polepole, akiangalia saa kwa kuibia. Alimuahidi Jémima atafika mapema leo, na Jémima ni mutoto mwenye anakumbukaka ahadi kuliko avocat wa tribunal.

"Inadunda juu ya masikitiko, Docteur," Papa Désiré akasema. "Joël hasafiri tena. Njia ya Bukavu imefungwa, mizigo yetu yote inalala kwake ku salon."

Cécile akamupa pole, akitafuta stylo. Joël alimujua: ni yule kijana mwenye anabebeaka batu mizigo mpaka kwetu. Papa Désiré akaendelea. Mzigo yake yeye si kitu, ni viatu tu, viatu havioze. Wa kusikitikia ni Maman Marie-Claire na dawa yake.

"Dawa gani, papa?"

"Ile ya sukari. Si anatumaka nusu kwa dada yake Nuru kila mwezi? Weye njo unaandikaka. Sisi wote tulifikiri unajua."

Stylo ikasimama juu ya karatasi.

Nusu. Donc Maman alikuwa anameza nusu, sukari inabaki juu, Cécile anapandisha. Maman anagawanya tena, nusu kwake, nusu kwa Nuru, Cécile anapandisha tena. Sasa njia imefungwa. Cécile akauliza, na sauti ya muntu mwenye hana haraka, kama Maman anaweka ile nusu pembeni.

Papa Désiré akacheka kidogo. Kuweka dawa mpaka iharibike? Maman Marie-Claire? Ku église alisimama mbele ya batu wote, akasema huu mwezi atatii docteur wake, atameza yote sawa vile aliandika.

"Na chakula?"

"Chakula gani? Tuko mu jeûne, tunafunga tangu lundi, Jumatatu. Kavu, ata maji hapana. Ni juu ya Nuru. Vile batu balikimbia vita kule, simu yake haipite tena."

Yeye mwenyewe alikuwa na makombo ya beignet ku ndevu. Alisema docteur alimukataza kufunga, juu ya moyo. Docteur hakukumbuka kumukataza kitu, lakini hakukuwa na wakati wa kubishana. Ile dawa ya sukari haijue kama umekula ao hapana. Yenyewe inashusha tu. Ukiimeza yote na tumbo wazi, na miaka ya Maman Marie-Claire, inakushusha mpaka unalala, na kuko batu balilala vile, habakuamuka tena.

Na Jémima alikuwa kule naye.

Cécile akapiga simu; ikalia kwa Maman, ikalia, ikaisha. Akapiga tena. Ikaisha tena. Cécile akakamata sakosh ya kazi, akapita mu salle d'attente akisema samahani, urgence, mukuje kesho. Maman moja mwenye muguu ya kuvimba akasema yeye pia ni urgence, tangu midi ni urgence. Nyuma, Papa Désiré akauliza kama avae shati ao scanner inakuja.

Bus ilikuja haraka, kisha ikakwama nyuma ya camion yenye ilikuwa inashusha bafauteuil, viti bya salon. Dereva wa camion alishusha moja, akaipanguza, akaenda kutafuta mwenye kuipokea. Cécile akaomba bafungue mulango, akashuka, akaanza kukimbia. Kwa bahati njia ni ile ile moja, Chaussée de Wavre inatoka Matonge mpaka Etterbeek. Kwa bahati mbaya, docteur akikimbia mu ile njia kila muntu anamujua. Papa moja akakimbia naye pembeni, akimuelezea habari ya goti yake, na goti ile ilikuwa inakimbia bila shida. Mwingine akamuuliza kama ni police banamufuata.

Alikimbia akiongea na ba 112. Yule bwana wa simu akauliza kama mugonjwa anajibu. Hakujua. Akauliza kama iko muntu karibu naye.

"Mutoto yangu," Cécile akasema.

Yule bwana akasema ambulance inatoka.

Ku ngazi ya Maman Marie-Claire alipanda akishika ukuta. Alikuwa na ufunguo, Maman alimupatia zamani. Akafungua, mulango ikasogea upana wa mukono, ikasimama. Kanyororo. Maman Marie-Claire akiingia mu maombi anafungaka kanyororo, shetani na ba facteur ba barua babakie inje.

Mu kale kaupenyo Cécile aliona salon. Maman alikuwa mu kiti, mugongo kwa mulango, kichwa imeinama pembeni, kitambaa ya kichwa imeteremuka. Mukono moja ilikuwa inatetemeka polepole juu ya Biblia. Na mbele ya kanyororo, Jémima, na soksi moja, amesimama sawa sentinelle, mulinzi wa mulango.

"Jémima, fungua. Haraka."

Jémima akaweka kidole ku midomo. "Shhh. Maman Marie-Claire iko anaomba."

"Haombi, chérie. Iko mugonjwa. Toa kanyororo."

"Hapana. Alisema tusifungulie muntu mpaka Amen. Ukivunja maombi, Tantine Nuru hatapatikana."

Cécile aliita Maman na nguvu. Kichwa haikugeuka. Akasukuma mulango na bega. Kanyororo ilikuwa ya zamani, chuma ya kweli, ikamurudisha. Jémima akaanza kulia, lakini bila kusogea. Akasema Maman Marie-Claire alianza kuomba vizuri, kisha akaanza kuomba polepole, kisha akaomba maneno yenye haisikilikane, na simu ililia lakini mu maombi habajibuke simu. Yote aliifanya vizuri. Sasa mama yake mwenyewe ndiye anakuja kuvunja.

"Mimi ni mama yako. Ninakuambia ufungue."

"Ulisema utakuja mapema," mutoto akajibu. "Weye unasemaka tu."

Ku université habakumufundisha Cécile jibu ya ile. Mukono juu ya Biblia ikaacha kutetemeka, na ile njo ilimutia woga kuliko kutetemeka.

Akapiga magoti pale inje, mu palier ya ngazi, sakosh pembeni, uso mu kaupenyo, sawa na uso ya mutoto yake.

"Sawa," akasema. "Tutamaliza maombi. Mimi na weye. Funga macho."

Jémima akamuangalia kuona kama ni uongo. Kisha akafunga macho.

Cécile alikuwa hajaomba na sauti tangu siku ya ubatizo ya huyu huyu mutoto. Alisema Bwana, unajua Nuru iko wapi, sisi hatujue. Umuchunge mu njia, umupatie maji, umupatie muntu wa kumukaribisha. Alisema umuchunge Maman Marie-Claire apa mbele yetu, sasa hivi, Bwana, sasa hivi. Umuchunge Jémima mwenye alichunga mulango. Mu jina ya Yesu.

"Amen," akasema.

Jémima akangoja kidogo kuona kama kuko ingine nyuma. Hakukuwa. "Amen," naye akasema, akasukuma mulango ikafungwa, na mule ndani Cécile akasikia tuvidole twake tunapambana na kanyororo, inateleza, inateleza tena, kisha ikaanguka.

Maman alikuwa amelowana jasho, baridi sawa samaki ya frigo. Alipoitwa alitoa sauti bila neno. Cécile akatoboa kidole, akapima: trente et un, thelathini na moja tu, na ya muntu muzima haishuke chini ya sabini. Kumupa sukari mu kinywa ingemupalia. Akamuwekea sindano ya kupandisha sukari ku paja, kisha akatafuta mushipa mu mukono, na mishipa ya bamaman ba kwetu, mwenye anajua anajua, inajificha sawa batu bakisikia mugeni. Ya kwanza ikamuponyoka. Ya pili ikakubali, akasukuma maji ya sukari polepole, akisema jina yake, Maman, Maman Marie-Claire, mutoto ameshika kanzu yake nyuma.

Ba ambulance bakiingia, Maman alikuwa amefungua jicho moja.

"Nani ananipatia chakula?" akauliza.

Balimupeleka hôpital, kwa sababu ile dawa inakaaka mu mwili na inaweza kukushusha tena. Mangaribi, bwana ya Cécile akiwa amemuchukua Jémima na kumutafutia ile soksi ingine, Cécile aliketi pembeni ya kitanda. Hakuanza na magoti, wala na pasteur.

"Maman, dawa unameza ngapi?"

Maman Marie-Claire akafunga vizuri kitambaa yake ya kichwa.

"Leo njo unaniuliza," akasema.

Basi akamuelezea yote. Kule Nuru hakukuwa na docteur, hapa kulikuwa na docteur, ni damu moja, ni sukari moja. Alisema kweli alifikiri Cécile anajua na anaandika mingi kwa makusudi, juu ya huruma. Na mara ya kwanza anamutii docteur wake, angalia vile docteur wake karibu amuzike. Cécile alisema pole, kosa ni yangu. Maman akasema pia yangu, lakini alisema na sauti ya chini zaidi. Simu ya Nuru ilikuwa bado haipite.

Kisha Maman akainua kichwa ku muto ya kulalia.

"Jeûne yangu ilikuwa ya kuisha kesho mangaribi. Nani alisema Amen?"

Cécile angeweza kutaja Jémima. Hakuthubutu.

"Mimi, maman."

"Voilà. Mwenye alisema Amen, amalize siku ya jeûne yenye ilibakia."

Cécile akamukumbusha kama yeye ni docteur, kesho iko na bagonjwa mpaka mangaribi. Maman akajibu sukari ya docteur iko muzuri, balimuelezea vile alikimbia mu njia yote, ana miguu ya mbuzi. Akafunga macho. Consultation ilikuwa imeisha.

Kesho yake Cécile alifungua cabinet bila kahawa, bila ata maji, kichwa inamuuma, pembeni ya duka ya chini banakaanga ndizi ya makemba na harufu inapanda mu ngazi bila huruma. Yule maman wa muguu ya kuvimba aliingia wa kwanza, akiwa bado na kasirani ya jana. Akaanza salamu: habari ya bwana, habari ya mutoto.

"Maman," Cécile akamukata, sijui kama ni njaa ilimusukuma. "Dawa nilikuandikia. Unameza yote weye mwenyewe, ao kuko mwenye unagawanya naye?"

Salle d'attente yote ilisikia, mulango haikukuwa imefungwa vizuri. Maman wa muguu akaangalia dirisha, akaangalia kiatu yake, akashusha sakosh chini.

"Funga kwanza mulango," akasema, na Papa Désiré, mwenye alikuwa ameketi karibu kabisa na mulango na shati yake imefungwa mpaka shingoni, akasimama kurudi ku nyumba mbele ya swali ile kumufikia naye.