Siku Niliyopewa Nisifukuze Ndege

Mpaka leo nikisikia debe tupu likigongwa, koo linaniwasha. Nilikuwa darasa la tano, na mtama ulipokomaa kazi yangu ilikuwa kuamia ndege shambani kwetu Sigino: kugonga debe, kupiga kelele na kurusha mabonge ya udongo tangu alfajiri, halafu tena nikitoka shule. Haba na haba hujaza kibaba, na kwelea wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Niliwachukia, sifichi. Shamba lile ndilo lilikuwa ugali wetu wa mwaka mzima.

Basi mwalimu wetu wa sayansi akaazima darubini, akasema Jumamosi atawachukua wanafunzi wanne wakatazame ndege, kuanzia ukingoni mwa Ziwa Babati mpaka chini ya mlima Kwaraa. Alinichagua mimi, eti nawajua ndege. Mama alifikiri sana. Tulikuwa wawili tu nyumbani, naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua kifua. Mwisho akasema, "Nenda. Siku moja nitapiga kelele mimi."

Ziwani tuliwaona mwari wakielea, na furukombe akilia juu ya mti mkavu. Nilifurahi, lakini kila mara nilimwaza mama na kifua chake. Mchana tulikuwa vilimani, tumeshakula viazi vyetu, zamu yangu ya darubini inakaribia. Mwalimu akatuonyesha mkuyu uliojaa ndege, na katikati yao hondohondo, yule wa mdomo mkubwa, ambaye mwalimu alikuwa amemtafuta miaka mingi. Akawa anainua darubini taratibu. Hapo kundi la ndege wadogo likapita juu yetu. Mazoea yana taabu jamani! Kabla sijajijua nilikuwa nimerusha bonge, nikipaza sauti yangu ya shambani. Mkuyu ukabaki majani matupu.

Nililia kwa aibu. Mwalimu alishusha darubini, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akatoa daftari, akaniambia nimweleze ndege wote niliowahi kuwafukuza shambani. Nikaeleza rangi, midomo, nani hula akining'inia, nani huja na wenzake. Akajaza kurasa mbili. Mlinzi huzijua sura za wezi wake.

Jioni nilimkuta mama shambani, sauti imekauka kabisa. Upande mmoja wa mtama ulikuwa umeliwa. Hakulaumu. Alinishika mkono tu, akaniashiria nisimulie, nami nikasimulia mpaka giza likaingia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa shamba lile ni nyumba za watu, na mama anaishi nami hapa Bagara. Juzi nilinunua darubini yangu mwenyewe, nikamwekea machoni uani. Kwelea walikuwa kwenye majani ya jirani. Alitazama muda mrefu.

"Kumbe ana kidomo chekundu," akasema. "Miaka yote ile sikuwahi kumtazama."

Nikanyoosha mkono nami nione. Hakunipa.

"Subiri," akasema. "Wewe ulishapewa siku yako."