Gurudumu la Langoni

Mtu aliyelikanyaga gurudumu la mjukuu wangu hakushuka garini. Naanza na hilo, maana gurudumu ni chuma, na chuma hupinda.

Baiskeli ilikuwa imeegeshwa uani kwa kanisa, Nyaishozi. Yule mtu ni mnunuzi wa kahawa. Akarudisha pikapu nyuma bila kuangalia, sote tukasikia mlio. Akateremsha kioo, akanitazama mimi ninayelingana na mama yake, shikamoo hakuna, akasema, "Bibi, hiyo si ya mashindano. Ni ya kubebea ndizi." Binti yake alikaa kando yake, akacheka. Kioo kikapanda, wakaenda zao.

Huyo binti naye hushindana mbio za baiskeli, kama mjukuu wangu. Baiskeli yake ililetwa kutoka Mwanza.

Mjukuu wangu alilia njia nzima. Mimi nilikuwa nimebeba baiskeli upande wa nyuma, nikajisemea: huyu mtu atamwona binti yake akipitwa na huyu wa kwangu, kisha atashuka garini anisalimie. Sikutaka kingine.

Gurudumu lililopinda nikalitundika kwenye nguzo ya lango la kibanja changu cha migomba, maana hapo yule mtu hupita kila siku akienda Nyakasimbi.

"Bibi, watu wanauliza," mjukuu akasema.

"Wajibu."

Nikauza mbuzi, tukaenda dukani mjini na baiskeli yenyewe. Muuzaji akatuletea gurudumu jembamba, spoku za kuhesabika, jepesi kama ungo. Mjukuu akalikumbatia.

"Hilo ndilo la mashindano, bibi," muuzaji akasema.

"Na la mazoezi?"

"La mazoezi ni jingine. Wenzake wanakuwa nayo mawili."

"Wenzake kina nani?"

Akakohoa, akaleta la chuma, la kubebea mizigo. Mjukuu akasema na hilo mlimani atashuka asukume. Alisema kweli. Lakini mazoezi yake ni kwenye changarawe na mashimo, siku nyingine na mkungu wa ndizi nyuma, kwa kuwa sokoni lazima tufike. Lile jembamba barabara yetu ingelimaliza mapema. Msichana asiye na gurudumu hukaa nyumbani kunitazama nikimenya ndizi, na siku ikifika anapitwa. Nani apitwe? Wa kwangu?

Nikaonyesha lililoning'inia juu, lina vumbi. Ringi ya alumini, nene, spoku nyingi. Nikazibinya spoku mbilimbili kulizunguka lote, kama marehemu mume wangu alivyofanya kabla ya kupeleka ndizi Kaisho. Hakuna iliyolegea. Nikalizungusha, nikaweka ukucha karibu na ringi. Halikuyumba, ukucha haukuguswa.

"Gia zake zinakubali mnyororo wetu?"

"Zinakubali, bibi."

"Funga nione."

Akafunga. Zilikubali.

"Ni zito kuliko lile," mjukuu akanung'unika.

"Kwa kiasi gani?"

Akayapima, moja kila mkono. "Kama ndizi mbili."

"Siku ya mashindano utakula mbili pungufu."

Muuzaji akacheka, mjukuu hakucheka. Nikachukua na tairi mbili, nene ya mazoezi na nyembamba ya mashindano. Nikamwambia mjukuu, "Una nguo ya shamba na nguo ya kanisani. Mwili unao mmoja."

Kuanzia hapo nilimwamsha kila alfajiri. Akivuta blanketi namwambia neno moja tu: "Kioo." Anaamka. Mvua ikinyesha, kioo. Miguu ikiuma, kioo. Gurudumu letu jipya lilipigwa na mawe ya barabara yote hii, na halikupinda.

Siku ya mashindano tukabadilisha tairi. Nilisimama juu ya mlima wa mwisho. Pikapu ilikuwa pale pale, kioo juu. Wasichana wa kutoka mbali wakatangulia, sikuwatazama hata nguo. Kisha nikamwona wa kwangu kwenye mteremko wa pili, nyuma ya binti wa yule mtu. Mlimani akamkaribia, akawa naye bega kwa bega, akampita mbele ya macho yangu na ya baba yake. Sikupiga makofi. Nilikwenda nikasimama karibu na kioo cha pikapu, nikakaa hapo mpaka binti yake akapita.

"Sikushinda, bibi," mjukuu akasema nilipomfikia.

"Nani alikutuma ushinde?"

Akaninunia mpaka jioni. Alikuwa na haki. Yeye alitaka kushinda.

Kesho yake pikapu ikasimama langoni. Injini ikazimwa. Akashuka.

"Shikamoo, bibi."

Nilikuwa namenya ndizi. Nikatia moja kwenye beseni, nikachukua nyingine.

"Bibi, umesalimiwa," mjukuu akaniambia kutoka mlangoni.

"Nimesikia."

Yule mtu akasimama na kofia mkononi. Nikamenya chane nzima, nikafuta utomvu mikononi.

"Marahaba."

"Lile gurudumu nitalipa, bibi."

"Lilishanunuliwa."

"Basi hili la langoni ungeliondoa. Watu wanasema."

"Hilo ninaanikia masufuria."

Mjukuu akacheka ndani, kwa sauti. Yule mtu akatuaga mmoja mmoja, akapanda gari. Kioo alikiacha wazi mpaka akakata kona.