Filamu Zilizotazamwa Bila Sauti

Binti mmoja fundi cherehani alisoma Kifaransa chuoni, fasihi yake na filamu zake. Filamu alizitazama nyumbani bila sauti, kwa kuwa mama yake mgonjwa alilala chumba hichohicho. Alisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha mpaka akayakariri.

Siku ya mtihani wa mwisho, mwalimu aligeuza runinga ikatazama ukuta. "Leo mtasikiliza tu, kisha mnieleze kuna nini."

Fundi hakuwahi kuisikia hata filamu moja. Akifeli, anafukuzwa chuo.

"Mfaransa wetu, mbona jasho?" mwenzake alimnong'oneza.

"Nyamaza, shoga. Maji yamenifika shingoni."

Sauti zilianza. Maneno yalimpita kama treni isiyosimama, asidake hata moja. Alisikia mlango ukifungwa, kisha mwanamke akizungumza kwa pumzi fupi, akimeza mate kila mara.

"Wewe," mwalimu alimwita. "Kuna nini?"

Fundi alisema kwa Kifaransa jambo pekee alilokuwa na hakika nalo: "Anaogopa. Anajikaza watu wasijue, lakini anaogopa sana."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Haya, endelea."