Tetea wa Mama kwenye Mnada wa Mavuno

Kosa langu la kwanza mnadani lilikuwa kushindana na mimi mwenyewe. Sentensi hii nimeifuta mara nne. Basi, ibaki hivyo.

Enzi zetu pale Matembwe, sadaka ya mavuno haikuwa fedha. Mbele ya madhabahu palijaa mahindi, maboga, ulezi, na kuku waliofungwa miguu, wakimjibu mchungaji katikati ya mahubiri. Baada ya ibada kila kitu kilinadiwa nje, kwenye baridi na ukungu. Mwaka ule Baba alimtoa tetea wa Mama, aliyekuwa akitaga kila siku, bila kumwuliza. Mama angemnunua mwenyewe, ingeonekana anapinga sadaka ya mumewe. Akanifungia shilingi mbili kwenye leso. "Mrudishe kuku wangu. Na usinitie aibu."

Kutaja bei mnadani nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa kuwatazama wanunuzi wa ng'ombe Makambako: anayepaza sauti mwisho ndiye mshindi. Wiki nzima nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi.

Mzee Mligo, aliyenadi sadaka zote, akamwinua tetea.

"Shilingi moja!" nikasema.

Kimya. Kila mtu alijua kuku ni wa Mama, na desturi ilikuwa kumwachia mtu akomboe chake. Mimi nikaona wananidharau.

"Moja na nusu!"

"Unashindana na nani, mwanangu?" Mzee Mligo akauliza.

"Mbili!" Nilihisi napitwa. "Tatu!"

"Mshikeni huyo," bibi mmoja akapaza sauti, "atanunua na kanisa!"

Mama, aliyekuwa akiimba na kwaya pembeni, akaukatisha wimbo.

Bei ya sadaka ikishatajwa haikupunguzwa. Kwa kuwa shilingi moja ilipungua, Mzee Mligo akanisimamisha juu ya kigoda, akaninadi mimi: Jumamosi moja ya kupalilia.

"Na vijikono hivyo?" watu wakatania.

"Huyu atapalilia au atapanga magugu kwa mstari?"

Hatimaye Baba akainua mkono, macho chini. "Shilingi." Akaninunua nipalilie shamba letu, ambalo ningelipalilia bure. Mama akaja, akamchukua tetea, akampa Baba ampakate. Baba akambeba hadi nyumbani, watu wote wakitazama.

Vijana wa leo nikiwasimulia wananicheka, nao hata kumshika kuku hawajui. Ninachokikosa ni kile kimya cha watu waliotaka tumpate kuku wetu. Siku hizi sadaka hutolewa kwenye bahasha, na mnada wa mavuno haufanyiki tena.