Fundi, Usikunje, Kata

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa nguo mjini Kilifi, nikingoja suruali yangu, alipoingia mama mmoja na gauni la kitenge. Alilivaa juu ya nguo zake, na bado likamning'inia kama pazia.

"Kwani umeumwa, mama?" fundi akauliza.

"Presha ndiyo iliyokuwa ikinisumbua, fundi. Mwaka mzima sasa naenda kazini kwa miguu na kurudi, na hamri la chai nala moja tu, Jumapili."

Fundi akalibana gauni kwa pini kiunoni. "Basi nitakukunjia kwa ndani, sikati. Ukinenepa tena, nitafumua tu."

Mama akauchukua mkasi mezani, akautia mkononi mwa fundi.

"Kata. Ukiniachia nafasi, nitarudi kuijaza."

Fundi akamtazama, akacheka, akakata. Vipande vilipoanguka chini, sote tuliokuwa tukingoja tulipiga makofi, na mama mwenyewe akapiga kigelegele.

Mimi, msomaji wangu, nimeacha sukari mara nne, na mara zote nne kopo lilibaki jikoni, limejaa. Jana nilimpelekea jirani kopo hilo, pamoja na kijiko chake.