Doa la Kikofia

Mimi ni fundi cherehani. Macho ndiyo mtaji wangu; hata pini ikianguka kwenye zulia naiona. Kwa hiyo siku ile msituni sikuwa na kisingizio.

Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa akitibu wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Miaka arobaini, hajapoteza hata mmoja. Dawa yake ni mzizi wa ua dogo la zambarau linaloota msituni, tunaliita kikofia. Balaa ni kwamba kikofia kina pacha wake. Majani yale yale, rangi ile ile, mzizi ule ule. Tofauti ni doa jeusi kooni mwa ua, basi. Lenye doa hukata damu, lisilo nalo huizidisha. Na mzizi huchimbwa kiangazi, ua limeshakauka zamani. Ndiyo maana Shangazi huenda msituni maua yakiwa wazi, anafunga uzi mwekundu kwenye shina linalofaa, halafu kiangazi anafuata nyuzi zake. Uzi wenyewe anajichukulia kwangu bila hata kuomba.

Mwaka huo alitaka nimbebee kikapu. Sabini na ushei, mbishi kupindukia. Ukimwambia macho yake yana ukungu, anakwambia dirisha lako ndilo chafu. Nikamwona anainama, anapapasa, anafunga. Ua la tano nikalichungulia. Halikuwa na doa.

"Shangazi, hili silo."

"Wewe kashone nguo," alisema. "Kazi hii nimeianza baba yako hajaota ndevu."

Nikacheka, nikaufyata. Ningeweza kuufungua uzi ule akiwa amenipa mgongo, sikuufungua. Nilimwogopa, bibi kizee asiyeona hata njia.

Kiangazi kilipofika, mizizi ikiwa imeshachimbwa, mdogo wangu, binti pekee niliyezaliwa naye, alishikwa na uchungu nyumbani kwangu mchana, wiki tatu kabla ya siku yake ya kujifungua. Mtoto alitoka salama, akalia vizuri. Damu ndiyo iligoma kukatika. Tukapiga simu, gari la wagonjwa wakasema liko njiani. Shangazi akaja na mzizi, akaukata katikati, akachemsha nusu jikoni kwangu, akanipa kikombe.

"Mnyweshe."

Nikasimama mlangoni nacho. Mdogo wangu midomo imempauka.

"Dada, nipe basi," alisema.

Mimi nikaliona lile ua la tano. Nikakimwaga kikombe kwenye sinki. Shangazi aliposikia maji yanamwagika akauliza nimefanya nini, nikamwambia yote: ukungu wa macho, doa, uzi. Gari lilifika baada ya saa moja na nusu. Mdogo wangu hakulihitaji tena.

Shangazi hakunigombeza. Nusu ya mzizi iliyobaki, ile yenye kichwa cha kuchipua, aliipanda kwenye kopo la rangi, akaliweka dirishani penye cherehani yangu. Alisema lichanue, tujue.

Miezi mitano nilishona mbele ya kopo lile, mtoto wa marehemu mgongoni. Niliomba litoke bila doa. Yaani naomba shangazi yangu awe amemletea mdogo wangu sumu, ili mimi niwe sijakosea. Nimefika huko. Mara ngapi nimetaka kuling'oa, mkono ukakataa.

Lilichanua Jumanne asubuhi. Shangazi akaja, akalipapasa, akainama mpaka pua ikaligusa. Hakuona kitu. Akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye macho. Lina doa?"

Lilikuwa nalo. Jeusi tii.

"Halina," nilisema.

Akashika meza, akakaa polepole. "Basi ulifanya vizuri," alisema. "Ningemuua kwa mkono wangu."

Tangu hapo hatibu mtu. Wanawake bado wanamfuata, maana anakaa kwangu sasa, na yeye anawarudisha mmoja mmoja, anawaambia waende hospitali, yeye ni muuaji. Mimi niko pale pale kwenye cherehani, namsikia, naendelea kushona.